Mtoto Akishikwa Kule Marekani: "Juvinaili" ya Kaunti Inafanya Kazi Namna Gani?

Mwezi huu tunazungumza habari ambayo watu wanaisema kwa sauti ya chini bombani na sokoni, kwa sababu wanaona haya. Ni habari ya watoto wetu waliokwenda nchi ya tatu, kisha huko wakashikwa na polisi.

Mama mmoja jirani yangu hapa Dzaleka alipigiwa simu saa saba ya usiku. Kule Houston jua lilikuwa bado halijazama. Binti yake alikuwa analia: mtoto wake wa kiume, miaka 15, ameshikwa pamoja na vijana wenzake ndani ya gari la kuibwa. Hakuwa anaendesha, alikaa kiti cha nyuma. Wamempeleka juvinaili. Yule bibi hakulala tena. Asubuhi alikuja kwangu na maswali mawili tu: juvinaili ni gereza au si gereza? Na kama ni gereza, mjukuu wangu atatoka lini?

Siku ile sikuwa na jibu. Tangu hapo nimeuliza wandugu wanaoishi kule, nimesoma sheria yenyewe, na nimefuata habari ya yule kijana mpaka mwisho. Nikaona si vizuri nibaki nayo peke yangu. Familia nyingi za kambi hii zina mtoto, mjukuu au mpwa kule Marekani. Tunajua kwamba Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wa kuwapokea wakimbizi, na wengi wetu tukabaki na mabegi yamefungwa. Lakini waliotangulia wapo kule, watoto wao wanakua kule, na shida ikitokea simu inalia hapa. Mzazi wa kule anamuuliza mama yake wa hapa: nifanye nini? Na sisi tunatoa mashauri ya Bukavu, ya Bujumbura au ya Kigali, kumbe kule sheria ni nyingine.

Kwanza tuelewane neno moja. Hapa kambini ukisema "kesi yangu inatembea" watu wanafurahi, maana ni kesi ya kwenda nchi ya tatu. Kule Marekani mtoto akiwa na kesi, ni kesi ya mahakamani. Ukisikia kwenye simu "mtoto ana kesi", usipige vigelegele. Uliza vizuri.

KAUNTI NI NINI?

Marekani ina majimbo 50. Kila jimbo linatunga sheria zake kuhusu watoto waliokosa, na chini ya jimbo kuna kaunti. Sehemu nyingi kaunti ndiyo yenye mahakama ya watoto, mahabusu ya watoto, na idara ya maafisa wanaowafuatilia vijana nyumbani kwao. Idara hiyo ndiyo watu wetu wanaiita juvinaili. Kwa hiyo mtoto akishikwa Arizona na mwingine akishikwa Kentucky, mambo hayatakuwa sawasawa.

Mimi nitaeleza jimbo la Texas, hasa kaunti ya Harris penye mji wa Houston, kwa sababu ndiko aliko mjukuu wa jirani yangu, na ndiko walikofikia wandugu wengi. Kaunti hiyo moja ilihesabiwa watu zaidi ya milioni 4.7 mwaka 2020. Ina mahakama tatu za watoto, zinazoitwa kwa namba: ya 313, ya 314 na ya 315. Ina mahabusu ya watoto katikati ya mji, na ina idara yake ya probesheni ya vijana, yaani ya kumwangalia kijana akiwa nje.

KWA NINI WATOTO WANA MAHAKAMA YAO?

Zamani Marekani mtoto na mtu mzima walihukumiwa pamoja na kufungwa pamoja. Mwaka 1899 kaunti ya Cook, penye mji wa Chicago, ilifungua mahakama ya kwanza ya watoto. Wazo lao lilikuwa zuri: mtoto aliyekosa atengenezwe, asiangamizwe. Samaki mkunje angali mbichi, hata Wazungu wanalijua hilo.

Lakini wazo zuri likaleta ubaya wake. Kwa kuwa jaji alisema yeye ni kama baba wa mtoto, akafanya alivyotaka. Mwaka 1964, katika kaunti ya Gila, jimbo la Arizona, kijana wa miaka 15 aitwaye Gerald Gault alishikwa kwa sababu jirani alisema kijana huyo amempigia simu na kumtolea maneno machafu. Wazazi wake walikuwa kazini. Hakuna aliyewaambia. Mama alirudi nyumbani jioni, mtoto hayupo, akamtuma mwanawe mkubwa kwenda kumtafuta. Habari ya kushikwa kwake waliipata kwa majirani. Mahakamani hapakuwa na wakili, na yule aliyelalamika hakufika hata siku moja. Jaji akaamuru Gerald apelekwe shule ya kufungia vijana mpaka atimize miaka 21, yaani miaka 6. Mtu mzima kwa kosa lile lile angelipa faini ya dola 5 mpaka 50, au angefungwa si zaidi ya miezi miwili.

Wazazi hawakukubali. Walipeleka kesi juu mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1967 walishinda. Tangu hapo mtoto kule ana haki ya kuelezwa anashitakiwa kwa nini, haki ya wakili, haki ya kuwauliza mashahidi, na haki ya kunyamaza asijishitaki mwenyewe. Haki hizo zimetoka kwa mama aliyerudi kazini akakuta kitanda cha mtoto kitupu. Tulikumbuke hilo tunapoona haya kuuliza maswali.

MIAKA YA MTOTO: HAPA PANA HATARI KWA WAKIMBIZI

Kule Texas mahakama ya watoto inashughulikia mtoto aliyekuwa na miaka 10 mpaka 16 wakati kosa lilipofanyika. Chini ya miaka 10 hapelekwi huko. Akiwa ametimiza miaka 17, sheria ya jinai ya Texas inamhesabu kama mtu mzima, anapelekwa jela ya wakubwa ya kaunti. Majimbo mengi mengine yanasubiri mpaka miaka 18. Texas haisubiri.

Sasa tujitazame. Ni wangapi katika kambi hii karatasi zao zinasema wamezaliwa tarehe 1 Januari? Tulifika tukiwa tumekimbia, cheti hakuna, karani akaandika mwaka kwa kukadiria. Wengine tuliwaongezea watoto miaka ili waingie darasa fulani, wengine tuliwapunguzia. Hapa ilikuwa jambo dogo. Kule, mwaka mmoja wa kuandikwa vibaya unaweza kumtoa kijana kwenye mahakama ya watoto na kumtia katika jela pamoja na wanaume wazima. Kama una kadi ya ubatizo, kadi ya chanjo au karatasi yo yote ya zamani inayoonyesha umri wa kweli, itunze, na upeleke picha yake kwa ndugu zako kule wampe wakili. Lakini ukweli tu, wandugu. Karatasi ya kutengeneza itamharibia mtoto kesi zote mbili, ya mahakama na ya ukimbizi.

SAA NA SIKU ZA KUHESABU

Kule kila hatua ina muda wake. Mzazi anayejua muda huo hababaishwi.

Polisi akimchukua mtoto, ni lazima awajulishe wazazi mapema. Kituo ambacho mtoto anapelekwa kwanza kuandikwa, hawezi kuwekwa humo zaidi ya saa 6, na mzazi au wakili ana haki ya kukaa naye hapo. Ndani ya saa hizo wanaamua: arudi nyumbani na mzazi, au aende mahabusu ya watoto.

Akienda mahabusu, jaji lazima amwone kabla siku ya pili ya kazi haijapita. Akishikwa Ijumaa au Jumamosi, ni siku ya kwanza ya kazi, kwa kawaida Jumatatu. Siku hiyo jaji haulizi kama mtoto ana kosa. Anauliza jambo moja tu: abaki ndani au aende nyumbani? Akibakizwa, jaji lazima aliangalie tena jambo hilo, kwa kawaida kila baada ya siku 10 za kazi, yaani karibu wiki mbili.

Na hapa nisisitize: mahakama ya watoto ya Texas haina dhamana ya pesa. Mtoto hatolewi kwa kulipia. Mtu akikupigia simu anasema "tuma dola 500 mtoto atoke leo", huyo ni mwizi. Wandugu wamekwisha kuliwa hivyo. Wamekusanya kanisani, wamekopa, na mtoto akabaki palepale.

MANENO YA MZAZI YANAVYOPIMWA

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike makala hii.

Sheria ya Texas inataja sababu za kumweka mtoto ndani. Atatoroka. Ni hatari kwake mwenyewe au kwa watu. Alikwisha kupatikana na kosa zamani na anaweza kurudia. Lakini kuna nyingine mbili zinazomhusu mzazi moja kwa moja: kwamba nyumbani hakuna mtu wa kumwangalia vizuri, na kwamba hakuna mzazi wa kumrudisha mahakamani siku akiitwa. Maana yake, mtoto anaweza kukaa ndani kwa sababu ya jibu la mama yake.

Ndivyo ilivyotokea kwa mjukuu wa jirani yangu. Afisa alimuuliza mama: je, unaweza kumchunga mtoto huyu? Mama alikuwa ametoka zamu ya usiku, ana hasira, ana aibu mbele ya kanisa lake. Akajibu kama sisi wote tunavyojibu huku kwetu: nimechoka naye, kaeni naye hapo mpaka ashike adabu. Kwetu maneno hayo ni ya kumtisha mtoto. Kila mtu anajua kesho mama atakuja na sahani ya chakula na kumwomba mkuu wa kituo. Kule yaliandikwa. Jaji aliyasoma hivi: nyumbani hakuna uangalizi. Kijana akabakizwa ndani siku 10 za kazi.

Mama alidhani amemtia adabu. Kumbe alikuwa ametoa ushahidi.

Simlaumu. Nani alikuwa amemweleza? Kwenye mafunzo ya kabla ya safari tulifundishwa jiko la gesi na mkanda wa ndege. Kwa hiyo, wewe bibi, wewe babu, shangazi, mjomba uliye hapa, siku simu ikilia mwambie mzazi wa kule hivi: hasira iache mlangoni. Mbele ya afisa sema kweli, lakini sema kwa mpango. Nani anabaki na mtoto saa mama yuko kazini? Shule atakwenda na nani? Kuna mjomba, kuna jirani, kuna mchungaji atakayesaidia? Mlete huyo mtu mahakamani, asimame, aonekane. Jaji akiona familia ina mpango, ana sababu ya kumwachilia.

Tena mzazi ahudhurie kila mara. Texas sheria inawataka wazazi wafike kila kikao cha mtoto, na asiyefika bila sababu anaweza kupigwa faini ya dola 100 mpaka 1,000. Najua mtasema: bosi atanifukuza. Sheria hiyo hiyo inamkataza mwajiri kumfukuza mfanyakazi wa kudumu kwa sababu ya kwenda kwenye kikao alichotakiwa na mahakama. Aombe karatasi mahakamani, ampelekee bosi.

MTOTO AJIBU NINI?

Watoto wetu wamefundishwa kumheshimu mkubwa. Mkubwa akisema "ni wewe uliyefanya?" mtoto anainamisha kichwa na kusema ndiyo, ili mambo yaishe. Kule mambo hayaishi hapo, ndiyo yanaanza. Mtoto aseme kwa heshima: naomba wakili, nitaongea wakili akiwepo. Si ukaidi, ni haki. Familia isiyo na uwezo inawekewa wakili na mahakama.

Texas wameongeza ulinzi mwingine. Mtoto aliye mikononi mwa polisi akiandika maelezo ya kukiri kosa, lazima ayatie sahihi mbele ya hakimu, polisi na mwendesha mashtaka wakiwa hawamo ndani ya chumba, na hakimu ahakikishe mtoto ameelewa anachosaini. Kama hilo halikufanyika, wakili ajulishwe.

Halafu mkalimani. Mzazi asiyejua Kiingereza ana haki ya mkalimani mahakamani, hata kama mtoto mwenyewe anakijua Kiingereza vizuri. Usikubali mtoto mshitakiwa akutafsirie. Atakutafsiria anayotaka uyasikie! Na kama Kiswahili cha mkalimani ni cha pwani nawe hukipati vizuri, sema. Omba Kibembe, Kifulero, Kinyarwanda au Kirundi. Usitikise kichwa tu.

MASWALI YA VITA

Mtoto akipokelewa, maafisa wa Texas wanampa orodha ya maswali 52 ya kujibu ndiyo au hapana. Wanataka kujua kama ana huzuni kubwa, kama halali, kama amewahi kufikiri kujidhuru, kama anatumia pombe au dawa, kama ameona mambo ya kutisha. Wazazi wengi wetu wamewaambia watoto: mambo ya vita usiyaseme kwa Wazungu, watakuona kichaa. Basi mtoto anajibu hapana, hapana, hapana. Wanamwona hana shida yo yote isipokuwa ukorofi.

Mwache aseme kweli. Kama aliona nyumba inachomwa, aseme. Mtoto mwenye jeraha la moyo anaweza kupewa mshauri badala ya kuongezewa ukali. Maswali hayo ni ya afya. Habari ya kosa lenyewe, hiyo ndiyo aiache kwa wakili.

KIJANA ANAWEZA KUPEWA NINI?

Njia ni nyingi, na nyingi hazipiti kwenye kufungwa. Nitazipanga kuanzia nyepesi.

Ya kwanza ni kusimamisha mashtaka. Kijana, mzazi na idara wanakubaliana kwa hiari, kwa muda usiozidi miezi 6: atakwenda shule, atarudi nyumbani kabla ya saa fulani, ataonana na mshauri, pengine atafanya kazi ya kujitolea au kulipa alichoharibu. Jaji anaweza kuongeza miezi 6 mingine. Akimaliza vizuri, mashtaka hayaendelei. Kwa makosa makubwa lazima mwendesha mashtaka akubali.

Ya pili ni probesheni. Mahakama imekwisha kusema kosa ni la kweli. Kule hawasemi "mtoto ana hatia", wanasema mashtaka ni "kweli" au "si kweli". Kijana anabaki nyumbani chini ya afisa wa probesheni, pengine na bangili ya mguuni. Inaweza kuendelea mpaka atimize miaka 18.

Ya tatu, bado ni probesheni, lakini kijana anawekwa katika nyumba ya malezi au kituo cha kaunti kwa miezi kadhaa. Anasoma humo, wazazi wanamtembelea.

Ya nne ni kupelekwa kwa jimbo, kwenye vituo vya kufungia vijana vya Texas. Tangu 2007 wanaopelekwa huko ni wenye makosa makubwa tu. Wengi wanatoka kabla ya miaka 19, lakini kwa makosa mazito sana, kama kuua, kuna hukumu ya miaka iliyohesabiwa, mpaka 40.

Na kuna mlango mbaya kuliko yote: kuanzia miaka 14, kwa makosa mazito kabisa, jaji anaweza kuamua kijana ahukumiwe kama mtu mzima.

WALA TUSIDANGANYANE

Nisiwape picha kwamba kila kitu kule ni kizuri. Mwaka 2007 Texas iliingia aibu kubwa ilipojulikana kwamba vijana katika vituo vya jimbo walikuwa wametendewa vibaya kingono na wakubwa waliopaswa kuwalinda. Sheria ikabadilishwa, vijana wengi wakabakizwa kwenye kaunti zao, na mwaka 2011 ofisi mbili za jimbo zikaunganishwa kuwa moja. Hata hivyo, Agosti 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa taarifa kwamba vituo vitano vya jimbo hilo vinavunja haki za vijana: nguvu ya kupita kiasi, kufungiwa peke yao, na kutokulindwa na ubaya wa kingono.

Ndiyo maana nasema "kaeni naye ashike adabu" si shauri. Sisi tunaoishi Dzaleka, mahali palipokuwa gereza kabla ya kuwa kambi mwaka 1994, hatuhitaji kuelezwa kwamba ukuta peke yake haumfundishi mtu. Kama kijana anaweza kusaidiwa akiwa nyumbani, familia ipiganie hiyo nyumba.

MASWALI YA WAZAZI

Haya ni maswali ninayoulizwa mara nyingi.

"Mutoto akipigana ku masomo, ni juvinaili?" Inategemea. Ugomvi mdogo na makosa madogo mengine huenda kwenye mahakama ndogo za mji au za mtaa. Kutoroka shule, Texas waliacha kukuhesabu kuwa jinai mwaka 2015, lakini bado mzazi ataitwa. Barua ya shule usiitupe.

"Nikimuchapa ili aache, batanifunga?" Kumwadhibu mtoto kidogo si kosa kwa kila hali, lakini kumpiga mpaka alama au jeraha kunaweza kuleta kesi juu ya mzazi mwenyewe, hata watoto wengine kuondolewa nyumbani. Mtoto aliye kwenye probesheni anaulizwa anavyoishi. Tafuta njia nyingine.

"Batamurudisha Afrika?" Mahakama ya watoto haimrudishi mtu kwao. Na mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya mambo ya wageni iliamua kwamba uamuzi wa mahakama ya watoto hauhesabiwi kama hukumu ya jinai. Lakini msilale usingizi. Fomu za makaratasi ya kudumu zinauliza habari za kushikwa, mambo ya dawa za kulevya na magenge yanaweza kuleta shida, na aliyehukumiwa kama mtu mzima yuko katika hatari nyingine kabisa. Kabla kijana hajasema "kweli" mahakamani, wakili wake aongee na wakili wa mambo ya wageni. Waulize hilo kwa mdomo wenu, wasisahau.

"Hii jina mbaya itamufuata mupaka lini?" Texas faili za wengi hufungwa akifika utu uzima, kama hana kesi nyingine. Siyo wote. Akifika umri huo aulize, apate karatasi mkononi.

YULE KIJANA

Jirani yangu aliposikia mambo haya, alimpigia binti yake. Kwa bando la dakika chache hakumgombeza. Alimwambia: mwanangu, kikao kijacho nenda na mjomba wake, mseme mtoto atakaa kwa nani saa za usiku ukiwa kazini. Wakaenda watatu, mama, mjomba na mzee mmoja wa kanisa. Wakaomba mkalimani. Mjomba akasema zamu yake ni ya mchana, usiku yupo nyumbani. Jaji akamwachilia kijana siku hiyo hiyo. Baadaye mwendesha mashtaka akakubali mashtaka yasimamishwe miezi 6, kwa masharti ya shule, mshauri, na kutokuonana na wale vijana wa gari.

Si safari nyepesi. Mwezi wa pili alichelewa kurudi nyumbani mara mbili, afisa akamwita. Mjomba akaenda naye. Amemaliza miezi yake sasa.

Nilimuuliza yule bibi alichojifunza. Akasema kwa Kibembe, halafu akanigeuzia kwa Kiswahili: kumbe kule nako mtoto ni wa wengi, ila lazima hao wengi wafike waonekane.

Basi wandugu, kata ukurasa huu, piga picha, watumie watu wako kwenye WhatsApp. Mwenye swali alilete, tutalitafutia jibu. Mungu awalinde watoto wetu, wa hapa na wa kule. Tuonane mwezi ujao.